Barua za kizuizini: tuuze, tutoe au zibaki kwa shosho?

Mjukuu wa Kangemi:
Wadau, naomba hili tulijadili bila matusi. Shosho yangu ana barua 11 ambazo guka, yaani babu yangu, alimtumia kutoka kambi ya Manyani wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, Waingereza walipowafungia watu kwa sababu ya Mau Mau. Anazihifadhi kwenye kopo la majani chai. Karatasi ni nyembamba kama ganda la kitunguu, wino umepauka kwenye mikunjo, na kila moja ina muhuri wa mkaguzi wa kambi. Wiki jana alikuja mkusanyaji, akataja shilingi 8,000 kwa kila barua. Binamu zangu wameshaanza kuzigawa hizo pesa. Shangazi anataka zipelekwe Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Mimi nasema nakala iende Hifadhi, karatasi ibaki nyumbani, na asiuziwe mtu.

Sababu yangu ni hii. Mwaka 2011 Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha Hanslope Park, kituo cha serikali yake kule kwao, mafaili iliyoyabeba kutoka hapa wakati wa uhuru. Mafaili hayo yaliwasaidia wazee wa Mau Mau mahakamani, na mwaka 2013 zaidi ya watu 5,000 wakaahidiwa fidia. Sawa, lakini hayo ni maneno ya askari na mabwana shauri kuhusu wafungwa. Maneno ya wafungwa wenyewe yamo kwenye makopo kama la shosho. Kopo likinunuliwa, ndiyo basi.

Baba Watatu, Umoja:
88,000 ni karo, ndugu. Shosho amekaa na hizo karatasi karibu miaka 70, nani aliwahi kubisha hodi kumuuliza? Na mkusanyaji msimfanye mwizi. Joseph Murumbi alikuwa nani kama si mkusanyaji? Makamu wa Rais mzima, akiokota vitabu, stempu, barua na vinyago wakati wengine wanaona takataka. Ingia leo kwenye hiyo Hifadhi pale Moi Avenue, jengo lililokuwa Benki ya India: vitabu vyake vya kabla ya 1900 pekee ni zaidi ya 8,000.

Mjukuu wa Kangemi:
Murumbi aliiuzia serikali ya Kenya, ndiyo maana mimi na wewe tunaweza kuingia tukaviona. Huyu wetu hata kadi hakuacha, namba ya simu tu.

Kijana wa Tao:
Hifadhi mimi naijua kwa kungojea watu pale nje 😂

Mama Fotokopi:
Mkibishana, kwanza toeni barua kwenye kopo, bati hushika kutu. Ziwekeni kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi, mbali na jua na moshi wa jikoni. Selotepu msiguse kabisa, gundi yake hugeuka manjano na kuingia ndani ya karatasi. Mkitaka kuandika tarehe, tumieni penseli, tena kwenye bahasha. Nasema kwa uchungu: cheti cha ndoa cha wazazi wangu nilikipeleka mwenyewe kifungwe kwa plastiki ya moto kama kitambulisho, nikidhani nakitunza. Sasa karatasi na plastiki ni kitu kimoja, na saini ya baba inafifia humo humo.

Wakili Mstaafu:
Anayenunua karatasi hanunui maneno. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inahesabu barua kuwa kazi ya maandishi, na haki hiyo hubaki kwa mwandishi na warithi wake hadi miaka 50 baada ya kifo. Guka alifariki lini?

Mjukuu wa Kangemi:
1988, mzee wangu. Asante.

Wadau, narudi. Nilimpigia shosho kumuuliza habari ya haki ya mwandishi, akacheka hadi akakohoa. Kumbe guka alikwenda kizuizini hajui hata A. Barua tisa za kwanza aliandikiwa na mwenzake wa kambini, mwalimu kutoka upande wa Nyeri. Guka alikuwa akitamka, kisha anabonyeza dole gumba pale chini. Mbili za mwisho ndizo mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kama mayai. Moja haina habari yoyote, ni jina la shosho tu, mstari baada ya mstari, ukurasa mzima.

Nikampigia na mkusanyaji. Hizo mbili hazitaki. Anataka za mwalimu, anasema mwandiko ni mzuri.