"Cache": hazina, akiba au dafina?

Mtarjumi: Wakuu, kitabu kinahusu wawindaji wa manyoya wa Amerika Kaskazini, na "cache" imejaa kila ukurasa. "Hazina" inanipeleka kwenye dhahabu na Wizara ya Fedha. Asili yake nini? Na mbona limo hata kwenye simu?

Kitambuzi: Ni Kifaransa, *cacher*, kuficha. Wawindaji waliosema Kifaransa waliliita hivyo shimo la kufukia mizigo, Waingereza wakalidaka. Na si shimo la hivihivi. Msafara wa Lewis na Clark, wapelelezi wa Marekani, 1805, ulichimba hivi: mahali pa juu, pakavu, unakata duara la nyasi pamoja na mizizi yake, kipenyo kama inchi 20, unaliweka kando likiwa zima. Unashuka wima futi 1, kisha unapanua kama tumbo la chungu hadi kina cha futi 6 au 7. Udongo unapokewa kwenye ngozi na kumwagwa mtoni, maana udongo mbichi ndio unaomwita mwizi. Chini tandika fito kavu unene wa inchi 3 au 4, juu yake nyasi kavu na ngozi. Mzigo usiguse ukuta. Shindilia, rudisha duara. Adui ni maji: shimo lao la juu ya Great Falls, maporomoko ya mto Missouri, mto ulilifikia, na 1806 Lewis alikuta ngozi zake za dubu zimeharibika, na mimea aliyoikausha imekwisha yote.

Mwanamzizi: Basi ni *dafina*. Mzizi wa Kiarabu d-f-n, kuzika. (Wayahudi wa Morocco wana chakula cha Sabato chenye jina hilohilo, chungu kilifukiwa kwenye makaa usiku kucha.) Hazina ni kh-z-n, kuweka tu, si lazima kuficha, ndugu yake ni magazini ya bunduki, neno lililozunguka Ulaya kwanza. Akiba inatazama mbele, asili yake ni "mwisho wa jambo". Akiba haiozi, wanasema, dafina huoza.

Fundi Kumbukumbu: Kwenye kompyuta ilitia mguu 1968, kwenye mashine ya IBM System/360 Model 85: kumbukumbu ndogo ya kasi, kilobaiti 16 hadi 32, kati ya prosesa (ubongo wa kompyuta) na kumbukumbu kuu. "Imefichwa" kwa kuwa programu haiioni. Inaomba data kwenye kumbukumbu kuu, mashine yenyewe inaamua ichote wapi. Huku andika *kache*. Ni nakala tu, ndiyo maana ukiifuta kwenye simu picha zinapakuliwa upya na bando linaliwa.

Mtarjumi: Na ile ya Alaska, kijumba cha magogo juu ya nguzo ndefu?

Mwanamzizi: Hicho hakijafukiwa wala hakijifichi, kinaonekana toka mbali. Nguzo huzungushiwa bati ili wanyama wasipande. Kiite ghala.