Naomba ushauri: sileji ya mabingobingo, hali ya hewa ya Tanga

Wadau wa mifugo, shikamooni. Mradi wangu wa mwisho wa shahada ya sayansi ya wanyama ni sileji (malisho mabichi yaliyochachushwa bila hewa ili yahifadhike) ya mabingobingo, yaani majani ya tembo, kwa ng'ombe wa maziwa, huku Muheza. Majani nitayakatakata sentimita 2 hadi 3, kila kilo 100 molasi kilo 3, kisha nashindilia kwenye mifuko hadi hewa iishe.

Hofu yangu ni maji. Pwani majani hayanyauki upesi, na yakifungwa mabichi asidi ya butiriki, ile inayotokana na uchachu mbaya, hutawala: sileji inanuka vibaya, inateleza mkononi, ng'ombe anaisusa. Je, nichanganye pumba za mahindi, kiasi gani, au nianike siku nzima zaidi? Na karatasi za pH (kipimo cha uasidi) zinatosha kuthibitisha kuwa pH ya sileji imeshuka karibu na 4?