Naomba ushauri: mtoto wa German Shepherd anabana visigino vya watoto wanaokimbia

Habari zenu wakuu. Nina mbwa jike, German Shepherd wa wiki 15, niko Nyegezi hapa Mwanza. Kubana mikono kwa meno ameshaacha kiasi. Tatizo ni visigino na pindo za kanga. Mtu akitembea polepole anamwacha, ila watoto wakianza kukimbiza mpira anawazunguka kwa nyuma na kuwabana kwa meno ya mbele. Hana hasira, ni ile damu ya mbwa wa kuchunga mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa ameshapata.

Kwa wiki 3 tumefanya hivi: akibana, mtu anasimama kama mgomba, hamtazami wala hasemi. Akiachia, anapewa kipande cha dagaa mkavu asiye na chumvi. Akirudia, anatolewa mchezoni sekunde 30 hivi. Meno yanabadilika, kwa hiyo namgandishia pia kitambaa kilicholowa atafune. Kwa watu wazima imesaidia. Kwa watoto bado, maana mmoja akipiga kelele na kuvuta mguu, kwake hiyo ndiyo raha yenyewe. (Jirani kashauri kofi la pua. Sitaki, akianza kuogopa mikono ni balaa jingine.)

Sasa nataka kumzoesha kuwatazama watoto akiwa kwenye kamba. Nianzie umbali wa mita ngapi, na dagaa nimpe anapowatazama tu au nisubiri anigeukie mimi? Pia, mchezo wa kuvutana kamba ya katani unapunguza hamu ya kubana au unaichochea?