Vitoto viwili vya mbuzi havina mama, nivipe nini?

Kijana_Umoja: Jamani hamjambo. Naomba ushauri wa haraka. Nina vitoto viwili vya mbuzi vilivyoachwa na mama. Navipa maziwa ya pakiti, nimetia maji na sukari kidogo. Kimoja kinanyonya, cha pili kinafumba mdomo na kutetemeka. Msinitukane tafadhali, hali ni mbaya.

Shangazi_Ruai: Pole mwanangu. Hayo maji na sukari acha, vitaharisha. Chemsha maziwa ya ng'ombe, yaache yapoe yawe vuguvugu. Mimi mwaka wa ukame nililea mmoja jikoni, mzee akanuna wiki nzima. Huyo huyo alikuja kunizalia mapacha, na mpaka leo akiona chupa ya soda anaifukuza.

Daktari_Mifugo: Anayetetemeka usimlazimishe maziwa. Mtie kidole mdomoni. Ukisikia ubaridi, mpashe joto kwanza: chupa ya maji moto, uifunge kwa taulo, uiweke ubavuni. Akiwa baridi tumbo halisagi kitu. Sasa nijibu: mama alikufa kwa nini, na je, walinyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama akishazaa?

Kijana_Umoja: Mama hayupo tu, daktari. Nisaidie upande wa maziwa.

Mzee_Kobe: Ndimu, chumvi, jiko la makaa. Kesi imefungwa.

Daktari_Mifugo: Hayupo, ameenda wapi? Siulizi umbea. Mwanambuzi huzaliwa hana kinga mwilini, huipata kwenye dang'a, na utumbo wake huipokea saa 24 za kwanza tu. Na kama mama alikuwa mgonjwa, hata wewe unayewashika kwa mikono inakuhusu.

Kijana_Umoja: Haya. Nilivinunua Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi. Mama alizalia kwenye lori kutoka Marsabit, akachinjwa asubuhi hiyo hiyo. Muuzaji alisema vilinyonya. Bei ilikuwa nzuri, na ningeviacha vingekufa. Vitakaa kwenye baraza yangu, orofa ya tatu, mpaka Desemba nivipeleke ushago, kijijini kwetu. Chupa na nyasi kavu nimeshanunua, kwa hivyo habari ya kuvirudisha tusiongee.

Mama_Pendo: Orofa ya TATU? Mimi mwenye nyumba alinipa notisi kwa sababu ya paka. Vijana mnafuga kwa tamaa, kisha kiumbe cha Mungu kinateseka.

Buda_Wa_Mtaa: Uzi wa kupika huu. Saa hii vimeachwa, saa ile lori la Marsabit. Na nyasi kavu Umoja unatoa wapi? Leta picha.

Kijana_Umoja: [picha] Nyasi nimeuziwa na jirani anayefuga sungura juu ya paa. Umeridhika?

Mzee_Kobe: Zulia hilo nalijua. Lilipotea kwenye kamba yangu.

Buda_Wa_Mtaa: Picha hata mimi naweza kutoa mtandaoni.

Daktari_Mifugo: Picha sina shida nayo, hadithi ndiyo ina shida. Tazameni kitovu cha huyo mweusi, kimekauka kama kamba ya kiatu. Huyo ana siku kadhaa. Ama muuzaji alikuchezea na habari za lori, ama wewe unatuchezea sisi. Kwa wanyama ni afadhali, maana kufika hapo yaelekea walinyonya. Wa kilo 3 mpe kama nusu lita kwa siku, uigawe mara nne. Anywe akiwa amesimama, shingo imeinuka kidogo. Usimlaze chali mapajani, maziwa yakipotea njia yakaingia mapafuni ni nimonia.

Kijana_Umoja: Habari ya lori aliisema yeye, mimi nilitoa pesa tu. Huyo mdogo amepata joto, amenyonya kidogo. Swali lingine: kuna dawa ya kupunguza kulia usiku? Msimamizi wa ploti ameanza kuuliza.

Daktari_Mifugo: Dawa ni kushiba.

Shangazi_Ruai: Dawa ni kuja Ruai. Nina mbuzi amezaa mmoja, maziwa yanamwagika. Nitamshika pembe wanyonye mpaka awazoee. Desemba utachukua dume, jike linabaki kwangu.

Kijana_Umoja: Asante Shangazi, lakini yote ni madume.

Daktari_Mifugo: Picha umeweka mwenyewe. Huyo mweusi ni jike.

Mzee_Kobe: 😂😂

Kijana_Umoja: Matatu za Ruai zinakubali mbuzi?

Shangazi_Ruai: Za jioni hukataa. Njoo saa nne asubuhi, na wawe wamenyonya.