Mjadala: Tambi za rojo la dagaa ziwekwe kwenye bufee ya sherehe, au ziishie jikoni kwetu?

Mleta mada (Kirumba)

Wakuu, habari za leo. Kuna jambo limegawa kikao chetu cha sendofu, nikaona nililete hapa kwa sababu najua nyumba nyingi za Mwanza zinalo.

Kwetu tambi za nyama ya kusaga hazipikwi bila dagaa. Bibi alianza, mama akaendeleza, nami napika vivyo hivyo: unga wa dagaa ndani ya rojo, na karanga zilizosagwa mwishoni. Mama mkubwa akapendekeza zipikwe hivyo siku ya sherehe. Mpishi tuliyetaka kumpa kazi akagoma. Akasema wageni wataona tumebana bajeti, na kwamba bolonyeze, yaani hizi tambi za rojo la nyama ya kusaga za Kiitaliano, ikishatiwa samaki si bolonyeze tena. Nusu ya kikao ikawa upande wake.

Mimi sikubaliani naye hata kidogo. Dagaa wa Ziwa Victoria wanapakiwa kwenye soko la Mwaloni kwa magunia kwenda Kongo, Rwanda na Burundi. Wakenya wanawaita omena, Waganda mukene, na kote huko wanaliwa bila mtu kuona haya. Iweje sisi tulio karibu nao namna hii ndio tuwafiche wageni wakija?

Na hawa dagaa hawatiwi ili kujaza sufuria. Wana kazi yao. Unawatoa vichwa, unawasuuza haraka kwa maji ya vuguvugu, unawaanika kidogo wakauke, kisha unawakaanga kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo mpaka ukimvunja mmoja vidoleni anakatika kwa mlio. Twanga. Unga huo unaingia kwenye mafuta pamoja na kitunguu, kabla ya nyama na kabla ya nyanya. Hapo ndipo penye utaalamu wote: ukiutia mwishoni utasikia shombo tu, lakini ukikutana na mafuta ya moto mapema harufu inatulia na rojo linabaki na ladha nzito ya nyama. Halafu nyama, karoti, hoho, nyanya, moto mdogo, unaacha mpaka mafuta yajitenge juu. Karanga zinaingia dakika za mwisho, na usiache kukoroga maana zinashika chini upesi.

Swali langu: chakula hiki kina kosa gani mbele ya wageni?

Mpishi wa hoteli (Capri Point)

Dada, heshima kwako na kwa mama mkubwa. Dagaa nawapenda na nyumbani nawala kwa ugali. Ila tutenganishe mambo mawili. Nyumbani pika utakavyo. Kwenye menyu, jina la chakula ni makubaliano na mlaji. Huko Bologna, Italia, rojo hili lina mapishi yaliyosajiliwa: tarehe 17 Oktoba 1982 chama cha mapishi cha Italia, Accademia Italiana della Cucina, kiliyakabidhi kwa chemba ya biashara ya mji ule. Nyama ya ng'ombe, pancetta (nyama ya tumbo la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi), karoti, kitunguu, seleri, nyanya, divai, maziwa. Samaki hamna, karanga hamna. Mgeni akiagiza bolonyeze akakuta ladha ya dagaa atarudisha sahani, na atakuwa na haki.

Halafu kuna sherehe yenyewe. Mtu ametoa mchango, amevaa, amekuja. Anataka ale kitu ambacho hali kwake kila siku. Hilo nalo msilidharau.

Mleta mada

Kaka mpishi, nashukuru umekuja na hoja badala ya dharau. Tarehe uliyotaja ni sahihi, lakini chama hicho hicho kiliyarekebisha mapishi na kuyasajili upya Aprili 2023. Sasa yanaruhusu mtu aongeze maini, mioyo na firigisi za kuku, njegere, hata uyoga mkavu. Kitunguu saumu kimekataliwa. Nitajie jiko la hoteli hapa mjini linalopika bolonyeze bila kitunguu saumu. Na hiyo pancetta, wangapi mnaitia?

Tuje kwenye tambi zenyewe. Bologna rojo hilo halimwagwi juu ya spageti. Linaliwa na tagliatelle, tambi bapa za mayai, ambazo nazo zilisajiliwa mwaka 1972, upana wake milimita 8 zikishapikwa. Mwaka 2019 meya wa Bologna wa wakati huo, Virginio Merola, alilalamika hadharani kwamba spageti bolonyeze inayouzwa duniani haitoki kwao. Kwa hiyo kwa kipimo chako mwenyewe, makubaliano yalishavunjwa kabla dagaa hajakaribia jiko.

Ukirudi nyuma zaidi ndiyo utashangaa. Mwaka 1891 Pellegrino Artusi, mwandishi wa mapishi wa Italia, aliandika makaroni ya Kibolonya kwa nyama ya ndama, siagi na pancetta, bila nyanya hata moja, na akashauri anayetaka atie uyoga mkavu au ini la kuku. Kila kizazi huko kwao kimeongeza na kupunguza. Nyanya zenyewe zilitoka Amerika. Wao walipozipokea hakuna aliyewaambia wameharibu chakula cha watu.

Kuhusu samaki, nenda Sisilia, kisiwa cha huko huko Italia. Wana tambi za sadini, pasta con le sarde: sadini, majani ya shamari ya porini, zabibu kavu, mbegu za msonobari na zafarani. Rudia kusoma hiyo orodha polepole, samaki wadogo na zabibu kavu kwenye sufuria moja. Na chakula hicho wanakipika kwenye sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi. Siku ya sherehe kabisa, mbele ya wageni.

Wala utamu wake si wa kubahatisha. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda wa Japani alitambua kwamba ladha ile nzito ya mchuzi wa mwani inatokana na glutamati. Mwaka 1913 mwanafunzi wake Shintaro Kodama akaikuta inosineti, kitu kingine chenye ladha hiyo, kwenye samaki mkavu. Vitu hivyo viwili vikikutana mdomoni, kimoja kinakipandisha kingine kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Nyanya iliyoiva ina glutamati nyingi, dagaa mkavu ana inosineti. Bibi hakujua majina hayo, lakini alijua nyanya na dagaa ni wa sufuria moja, na kila anayepika dagaa wa nyanya kandokando ya ziwa hili analijua hilo.

Binti wa familia ya Kisomali (Mwanza mjini)

Shikamoo dada. Kwetu baasto, yaani tambi, ndiyo chakula cha wageni. Italia ilitawala kusini mwa Somalia, tambi zikabaki, na wazee wetu wakazifanya zao. Rojo lake, suugo, linatiwa xawaash, yaani bizari nyembamba, giligilani, pilipili manga, iliki na manjano. Pembeni ya sahani kunawekwa ndizi mbivu, unaimega na kuila pamoja na tambi na nyama. Watu wa hapa wakiiona mara ya kwanza wanauliza kama ndizi ni ya baada ya chakula. Hapana, ni ya kuliwa pamoja. Na arusini inawekwa hivyo hivyo, haiondolewi kwa sababu fulani atashangaa.

Ila nina swali na usinielewe vibaya. Kama mnajivunia dagaa, kwa nini mnawasaga wasionekane? Ndizi yetu iko juu ya sahani, kila mtu anaiona.

Mama wa watoto (Nyakato)

Naongeza hapo hapo. Mwanangu wa pili karanga ni hatari kwake, akila kidogo tu anavimba midomo na kifua kinabana. Nimeshawahi kumtoa mbio kwenye ukumbi mmoja kwa sababu mboga ilikuwa na karanga na hakuna aliyetuambia. Wapo pia wasiopatana na samaki. Habari za Bologna kwangu ni za baadaye. Chochote mnachotia, kiandikwe mbele ya sinia, na anayepakua ajue kujibu akiulizwa.

Muuza dagaa (Mwaloni)

Wadau mnasahau jambo kubwa. Wanaosema dagaa wana mchanga hawasemi uongo, ila wamekula wa mchangani. Dagaa akianikwa chini ufukweni, mchanga anaoubeba hautoki wote hata umsuuze vipi, na ukimsaga ndiyo umeusambaza kwenye rojo zima. Wa mchangani wengi wanaishia kwenye chakula cha kuku. Kwa kazi ya dada hapo juu nunua wa kwenye chanja, wanaokaushwa juu ya nyavu. Angalia awe mweupe wa kung'aa, mkavu wa kuvunjika. Akiwa wa njano na mafuta yanamtoka na harufu kali, huyo alinyeshewa au amekaa sana, muache. Msimu wa mvua uliza kabla ya kununua, kwa sababu jua likikosekana siku ya kuanika hakuna ujanja.

Bei ya wa chanja iko juu, na bado mtu anakuja na sado yake anataka wa chanja kwa bei ya wa mchangani. Kumtoa vichwa na kumchagua ni kazi ya mikono. Huyo mpishi wa sendofu akiniambia dagaa ni kubana bajeti, nitamwomba akae na mimi achambue debe moja.

Mleta mada

Mdogo wangu wa Mwaloni, hilo la mchanga nalisisitiza kwa kila anayesoma. Shida inaanzia sokoni, jikoni utasuuza mpaka uchoke.

Mama wa Nyakato, pole sana kwa yaliyompata mtoto. Kwenye sherehe yetu karanga hazitaingia sufuriani. Zitakaa bakuli la peke yake mwisho wa meza, na kijiko chake, anayetaka ajitilie. Mama mkubwa amekubali, ingawa amesema rojo litakuwa jepesi, na kweli litakuwa jepesi kidogo. Afadhali.

Binti wa Kisomali, marahaba. Swali lako limenigusa na limebadilisha mpango. Unga lazima ubaki, kwa sababu ndio unaofanya kazi kwenye mafuta. Lakini juu ya sinia tutamwaga dagaa wazima waliokaangwa wakakakamaa, na ndimu pembeni. Anayepita kwenye foleni aone kwa macho yake anachopakua.

Kaka mpishi, jina nakuachia. Kibao kitasomeka: Tambi za rojo la nyama na dagaa. Bolonyeze haitatajwa, na sioni hasara yoyote hapo. Kwenye hoja ya sherehe ndipo nakataa. Unasema mgeni anataka kitu asichokula kwake kila siku. Mbona pilau anaila kwake na hatumsikii akilalamika? Sato wa kukaanga anamla kwake, na kwenye bufee ndiye anayeisha wa kwanza. Kinachomkera mgeni ni chakula kilichopikwa ovyo.

Mpishi wa hoteli (Capri Point)

Kwa jina hilo sina ugomvi. Kuhusu sherehe bado nina wasiwasi, kamati ndiyo inayolipa na kamati inaogopa maneno ya watu. Ila nitapika sufuria ndogo jikoni kwangu. Jambo moja: juu yake niweke jibini?

Mleta mada

Usiweke. Waitaliano wenyewe kwa kawaida hawachanganyi jibini na samaki, na hapa wana sababu, ladha ya jibini na ya dagaa zitagombana. Kamulia ndimu, tia majani ya giligilani, na chumvi ya rojo uionje mwisho kabisa baada ya unga wa dagaa kukaa ndani.