Historia ya mtaa wetu Mkomani, naanzia wapi?

binti_mkomani:
Asalaam alaykum jamani. Nataka kuandika historia ya mtaa wetu hapa Lamu, Mkomani, yaani mtaa hasa, si ile ya mji mzima wanayosomewa watalii. Nani alijenga nyumba ipi, ilimfikiaje aliye nayo leo, misikiti ya mtaani ilianzaje. Nikisachi Google napata UNESCO 2001, yaani mji kuwekwa kwenye urithi wa dunia, na bei za hoteli basi. Mwenye kujua vitabu, makaratasi, ofisi, chochote, anielekeze tafadhali, nina likizo yote hii.

Mzee wa Bandarini:
Waalaykum salaam binti yangu. Anza na nyumba zenyewe. Ukimuuliza mtu mzima "historia ya mtaa" atakupa masultani, lakini muulize nyumba hii alijengewa nani, aliolewa na nani, hapo atafunguka. Tazama wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Mara nyingi nyumba mbili zilizoungwa hivyo zilikuwa za watu wa damu moja, baba kamjengea bintiye, sasa ukikuta leo zina wenyewe wawili wasiohusiana ujue katikati kuna mauzo au mirathi, na hapo ndipo pa kuchimba. Omba uonyeshwe hati za zamani, za kuuziana, za wakfu. Nyingi ni za Kiarabu na tarehe ni za Hijria, mfano 1312 ni kama 1894 kuingia 1895. Na tafadhali mwanangu usiondoke na karatasi ya mtu, piga picha hapo hapo, mbele na nyuma.

mwalimu_wa_shela:
Mzee kamaliza. Mimi naongeza maktaba iliyoko Ngomeni, ndani ya ile ngome ya Lamu. Kisha itafute Khabari Lamu ya Shaibu Faraji, William Hichens aliichapisha 1938 kwenye jarida la Bantu Studies. Isome pamoja na habari za Pate, mji jirani, hasa vita vya Shela ambapo Lamu na Pate walipigana, maana kila mji umesimulia kwa upande wake. Ila hizo ni za mji na vita, mtaa wako hutauona sana. Pia miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bure, chini ya mradi wa Endangered Archives wa British Library, tafuta EAP466. Ni vitabu vya dini zaidi, lakini wewe angalia kurasa za mwanzo na pembeni, huko ndiko mtu huandika jina lake au kwamba kitabu ni wakfu.

binti_mkomani:
Mashallah, shukran sana! Sasa Nairobi kuna haja ya kwenda?

kaka_wa_langoni:
Ipo dadangu, ila nenda mwisho. Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue kuna ripoti za mwaka za DC, yaani mkuu wa wilaya, wa Lamu enzi za mkoloni, ni nyingi, ukienda bila majina na miaka mkononi utazama tu humo. Na DC alikuwa anamwandikia mkubwa wake, kwa hiyo kodi na malalamiko utayakuta, mambo ya ndani ya nyumba za watu hakuyajua. Kabla ya safari tafuta kitabu cha Usam Ghaidan cha 1975 juu ya mji wa Lamu, kina michoro ya nyumba. Tembea nacho mtaani, utaona zipi zimegawanywa tangu wakati huo.