Bekapu ya Postgres ya SACCOS: pg_dump ya usiku, kutunza WAL, au replika? Tulinganishe

fundi_wa_mkoani:
Wakuu habari za jioni. Kuna SACCOS ya walimu naihudumia upande wa sistimu. Iko kwenye PostgreSQL 16, seva moja tu imewekwa chumba cha mhasibu, databesi imefika kama GB 40 na inazidi kukua maana kuna jamaa zamani aliamua skani za fomu za mikopo ziingie humohumo kwenye tebo. Bekapu iliyopo ni pg_dump (amri ya kutoa databesi yote kama nakala) ya saa nane usiku kwa cron (kipanga ratiba cha seva), inaandika diski ya pili ndani ya seva ileile, basi. Meneja anasema inatosha. Mwenyekiti wa bodi yeye kasikia habari za virusi vinavyofunga mafaili halafu vinadai hela, sasa anataka kila kitu kiende klaudi kesho asubuhi.

Ninazozipima ni tatu. A, nibaki na pg_dump ila nitoe nakala nje ya jengo. B, bekapu ya msingi pamoja na kutunza WAL (mafaili ambamo Postgres inaandika kila badiliko), labda kwa pgBackRest (programu ya bekapu za Postgres). C, seva ya pili iwe replika, yaani nakala hai inayofuata seva kuu muda wote. Hela iliyopo inanunua mashine moja yusedi, na intaneti ya pale kupakia ni Mbps 4 siku ikiwa nzuri. Nyie mnatumia nini na kwa nini?

Mzee_wa_Cron:
Mimi A, miaka yote. pg_dump haina makuu, inatoa picha moja iliyonyooka ya databesi nzima hata kama watu wanaendelea kupiga kazi, haiwazuii kusoma wala kuandika, inachozuia ni mtu kubadili muundo wa tebo wakati inapita. Na faili lake unaweza kulirejesha kwenye toleo jipya la Postgres au mashine ya aina nyingine kabisa, kitu ambacho hao wa WAL hawawezi. Tumia -Fd na -j 4 iende kwa mikondo minne, kurejesha nako pg_restore -j 4. Ila watu wengi wanasahau kwamba pg_dump haibebi watumiaji na paswedi zao, hao unawatoa kwa pg_dumpall --globals-only. Bila hiyo siku ya kurejesha unaanza kuona makosa ya "role does not exist" yanashuka kama mvua.

dada_wa_data:
Kaka fundi, kabla hujachagua chombo kaulize swali moja pale ofisini: seva ikiungua saa kumi jioni, mko tayari kuandika upya marejesho na amana za tangu asubuhi? Maana A kwa ratiba yako ina maana hiyo, dump ya mwisho ni ya saa nane usiku. Kama stakabadhi za karatasi zipo na wateja ni 30 kwa siku, wataandika upya watamaliza. Kama ni siku ya makato ya mishahara yanaingia kwa mkupuo na wengine wanalipa kwa simu, hapo hakuna karatasi ya kukuokoa.

Halafu piga hesabu ya hiyo Mbps 4. Skani huwa zimeshabanwa, kwa hiyo dump yako haitapungua sana, tuseme GB 30. Hiyo ni sekunde elfu 60, masaa 16 na ushee kupakia. Ukianza saa nane usiku inaisha jioni, na mchana kutwa umewala wenzako intaneti. A ya kwenda klaudi kila siku kwako haipo.

kipepeo254:
C ndio poa buda, streaming replication unaweka jioni moja, primary (seva kuu) ikikufa una-promote ya pili iwe kuu na watu wanaendelea na job. Kwa nini mtu ajisumbue na mafaili ya WAL.

dada_wa_data:
@kipepeo254 replika inakulinda na diski kufa, haikulindi na binadamu. Mtu akipiga DELETE akasahau WHERE akafuta tebo zima, ile DELETE inafika upande wa pili kabla hajatoa mkono kwenye kibodi. Labda uweke recovery_min_apply_delay = '2h' ibaki nyuma masaa mawili, hiyo nakubali inasaidia, ila ukishtuka baada ya masaa matatu ndio basi tena.

Na someni yaliyowakuta GitLab (kampuni ya kuhifadhi kodi za programu) tarehe 31 Januari 2017, waliyaandika wenyewe hadharani. Replika ilikuwa inasuasua, injinia usiku akafuta folda la data akidhani yuko kwenye seva ya pili kumbe yuko kwenye ile kuu, zilikuwa kama GB 300 alivyosimamisha zimebaki 4.5. Wakakimbilia pg_dump, wakakuta haipo, maana pg_dump iliyokuwa inaitwa ni ya toleo la 9.2 na seva ilikuwa 9.6, kila siku inakataa, na imeili za kuwaambia imekataa zilikuwa zinatupwa njiani. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM (picha ya diski) ambayo mtu aliichukua kama masaa sita kabla kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. @Mzee_wa_Cron hiyo ni A yako, ilikuwa na cron safi kabisa.

Mzee_wa_Cron:
Haya dada nimekusoma 😂 ila hilo ni la kutokuangalia, sio la pg_dump.

jirani_mwema:
Wakuu samahani, mimi nakopi tu folda lote la data kwenda diski ya nje usiku wakati hakuna mtu, mbona iko rahisi hivyo na inafanya kazi?

mwana_wal:
@jirani_mwema umezima Postgres kabla ya kukopi? Kama hujazima unachokopi ni mafaili yaliyochukuliwa kwa dakika tofauti, hata kama hakuna mtu kuna autovacuum na checkpoint, kazi za ndani za Postgres yenyewe, zinaandika. Inaweza kuwaka ikakudanganya miezi sita, halafu indeksi moja ikaanza kurudisha majibu ya ajabu. Tumia pg_basebackup, kazi ni ileile ila inachukua pamoja na WAL inayohitajika, na tangu toleo la 13 kuna pg_verifybackup ya kukagua kama mafaili yamekamilika.

Sasa kwa mleta mada, mimi nipo B na sababu yangu ni hizo skani zako. Postgres inakata tebo kubwa kuwa mafaili ya GB 1 kila moja. Skani za mwaka juzi zimelala kwenye mafaili ambayo hayaguswi, kwa hiyo pgBackRest ikifanya bekapu ya nyongeza inayaruka, inabeba yaliyobadilika tu. Ile GB 30 unaipakia mara moja kwa mwezi, Ijumaa jioni ofisi ikifungwa, Jumamosi mchana imeisha.

Upande wa WAL, kila faili ni MB 16. Kwa kawaida linasafirishwa likijaa, na SACCOS ndogo inaweza kukaa masaa halijajaa, ndio maana unaweka archive_timeout. Weka 300, yaani kila dakika tano kama kuna kilichoandikwa faili linakatwa na kutumwa. MB 16 kwa Mbps 4 ni sekunde 32 likiwa zima, na likibanwa ni dogo sana maana sehemu isiyotumika ni sifuri tupu. Ukipoteza sana umepoteza dakika tano za kazi, sio siku nzima.

```
wal_level = replica
archive_mode = on
archive_command = 'pgbackrest --stanza=saccos archive-push %p'
archive_timeout = 300
```

archive_mode inataka kuzima na kuwasha Postgres, archive_command inatosha reload (kusoma mipangilio upya bila kuzima).

nyaya_na_umeme:
Hapo kwenye B kuna mtego hamjausema. archive_command ikishindwa, Postgres haifuti lile faili, inalishikilia na kujaribu tena na tena. Intaneti ikikatika wiki nzima pg_wal (folda la WAL) inavimba, diski ikijaa Postgres inazima yenyewe na haiwaki mpaka upate nafasi. Na hapo ndipo mtu anaingia kufuta mafaili ya pg_wal kwa mkono ili apate nafasi, anaiua databesi kwa mikono yake.

Kwa intaneti ya mkoani hakikisha stoo ya kwanza ni ile mashine yusedi hapohapo kwenye LAN (mtandao wa ndani ya ofisi), klaudi iwe ya pili. Washa archive-async (WAL itumwe pembeni bila kuisubirisha Postgres), halafu weka archive-push-queue-max (kikomo cha WAL inayosubiri kutumwa), mfano GB 20. Hiyo ikifika, pgBackRest inaitupa WAL na kuiambia Postgres "nimepokea", kazi inaendelea ila mnyororo umekatika, lazima ufanye bekapu mpya. Wengine hawaipendi. Mimi kwa ofisi yenye foleni ya walimu dirishani naona ni afadhali kuliko sistimu kuzima. Na angalia pg_stat_archiver (ripoti ya Postgres ya utumaji wa WAL) kila asubuhi, last_archived_time ikiwa ya juzi ujue kuna jambo.

bantu_dba:
Mimi niongezee upande wa kurejesha maana wote mnaongelea kuhifadhi. Kuna taasisi mhasibu aliposti makato mara mbili saa nane na nusu mchana, wakaamua kurudi saa nane na dakika 25. Bekapu ipo, WAL ipo, kila kitu kipo. Kuelekea saa moja jioni fundi wao akaandika

```
recovery_target_time = '14:25 ya siku ile'
```

(nafupisha, tarehe kamili ilikuwepo) bila saa za kanda, na seva ilikuwa imewekwa UTC (iko nyuma ya saa zetu kwa masaa matatu). Kwa Postgres hiyo 14:25 ni saa kumi na moja na dakika 25 jioni ya kwetu, kwa hiyo ikarudisha data vizuri kabisa, makato mawili yakiwemo. Wakaamini bekapu ni mbovu. Andika +03 mwishoni, siku zote, hata kama una uhakika.

Kitu kingine, tangu toleo la 12 hakuna tena recovery.conf, unaweka faili tupu linaitwa recovery.signal na mipangilio inakaa kwenye postgresql.conf. Na ikifika ile saa uliyotaka inasimama, inakubali kusoma tu, watu wanadhani imeganda wanaiua. Haijaganda, inakusubiri ukague kama ni penyewe, ukiridhika unapiga select pg_wal_replay_resume(), ndio inafunguka. Ukiwa huna muda wa kukagua weka recovery_target_action = 'promote', ila mimi sikushauri.

kipepeo254:
Ok nimekubali, replica peke yake hapana. Lakini hiyo cloud, data ya members kutoka nje ya nchi iko sawa kwenu? Kwetu Kenya kuna Data Protection Act ya 2019.

dada_wa_data:
Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na ina masharti ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Fundi hilo mwachie mwanasheria wa chama na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, usiamue wewe kwa cron. Kiufundi chochote kitakachotoka kitoke kimefichwa, repo2-cipher-type=aes-256-cbc (repo2 ndio hiyo stoo ya pili ya klaudi), kwa hiyo hata mwenye stoo haoni kitu. Na kwa ile hofu ya mwenyekiti, stoo iwe na Object Lock, seva ikivamiwa mvamizi asiweze kufuta nakala za nyuma kwa funguo alizozikuta humo humo.

fundi_wa_mkoani:
Wakuu nimepata zaidi ya nilichokuja nacho. Naenda na B: mashine yusedi iwe stoo ya kwanza, klaudi ya pili mwanasheria akishatoa neno, kamili kila mwezi, ya nyongeza kila usiku, archive_timeout 300. pg_dump ya Mzee siiachi, itakuwa Jumapili, mara moja kwa wiki, na globals zake, hiyo kwa ajili ya siku ya kuhamia toleo jipya. Kila mwisho wa mwezi narejesha kwenye mashine ya pili na mhasibu analinganisha jumla ya amana na ripoti yake ya karatasi. Skani nitazihamisha nje ya databesi, hilo lina uzi wake.

mwana_wal:
Safi. Paswedi ya cipher, ile ya kufungua nakala zilizofichwa, unaiweka wapi? Ikiwa kwenye pgbackrest.conf ya seva peke yake, seva ikiungua nakala za klaudi ni takataka.

fundi_wa_mkoani:
Karatasi, bahasha mbili. Moja kwenye sefu ya SACCOS, nyingine kwa mwenyekiti nyumbani kwake.

Mzee_wa_Cron:
Andika na jina la stanza (lile saccos kwenye mipangilio ya pgBackRest) na toleo la Postgres kwenye hiyo bahasha. Atakayeifungua anaweza asiwe wewe.